Nimestaafu, nalea wajukuu, na mtaa bado unaniita: je, nikatae?

Swali la msomaji: Nina umri wa miaka 62. Nilistaafu uuguzi nikiwa na miaka 60, na sasa naishi Korogwe, mkoani Tanga, katika nyumba tuliyojenga na marehemu mume wangu, ambaye alifariki muda mfupi kabla sijastaafu. Nalea wajukuu wawili, wa miaka 5 na 8, ambao mama yao anafanya kazi Dar es Salaam. Majirani hunigongea hata usiku ili niwapime presha, baraza la wazee la mtaa linataka niwe katibu, na kikundi chetu cha kufa na kuzikana kinataka niwe mweka hazina. Mimi mwenyewe moyo wangu uko kwa wazee walio kitandani, wasio na wa kuwatazama. Watoto wangu wanasema nimetumika vya kutosha, nipumzike, na mwanangu wa kwanza anataka nihamie kwake Dar. Je, nikihudumia watu wengine nawanyima wajukuu wangu? Na kwa umri huu, kujitolea kwa kiasi gani kunafaa?

Jibu la mtaalamu:

Shikamoo mama, na pole sana kwa kuondokewa na mwenzako. Katika kazi yangu ya ustawi wa jamii nimekutana na wanawake wengi wa umri wako walio katika hali kama yako, na ni wachache waliouliza kwa uwazi kama ulivyouliza. Wengi hukubali kila wanaloombwa mpaka siku mwili unapogoma. Wengine hufuata ushauri wa watoto wao na kujifungia ndani, na baada ya muda huwa wamepungukiwa na afya kuliko walivyokuwa siku za kazi.

Jibu langu kwa ufupi ni hili: usiache kuhudumia watu, lakini usikubali yote unayoombwa. Chagua jambo moja liwe ndilo kazi yako, liwekee siku na saa, na mengine yapunguze au uyakatae. Kabla ya kuchagua, ihesabu kwanza kazi ambayo tayari unaifanya bila kuiita kazi, yaani malezi ya wajukuu wawili. Naomba nieleze sababu zangu kwa urefu kidogo, kwa kuwa uamuzi ni wako na ni vyema uufanye ukiwa umeziona hoja zote.

Watoto wako wanapokuambia kwamba umetumika vya kutosha, wanazifikiria zamu za usiku wodini na miaka uliyosimama kwa miguu yako. Pengine hawajakaa wakafikiri kwamba mtu anayeamka alfajiri kuchemsha uji, kuwaandaa watoto wawili kwenda shule, kufua sare, kupika, kusimamia kazi walizopewa na mwalimu na kukesha na mwenye homa, bado yuko kazini. Amestaafu ajira tu. Mwanamume anapostaafu, mara nyingi huhama kutoka ofisini kwenda kukaa na wenzake kibarazani. Mwanamke hubadilishiwa zamu. Sisemi hivi ili kuwalaumu watoto wako, kwa sababu hata wewe mwenyewe umeyataja malezi kwa sentensi moja, kisha ukahamia kwenye yale unayoyaona kuwa ndiyo kujitolea.

Uzito wa kazi hiyo umewahi kupimwa, na umepimwa hapa hapa Tanzania. Katika miaka ya 1980 mwanaanthropolojia Kristen Hawkes wa Marekani na wenzake walikaa na Wahadzabe wa eneo la Ziwa Eyasi, wakiandika saa ambazo kila mtu alizitumia kutafuta chakula na wakipima uzito wa watoto. Waliona kwamba wanawake waliokwisha kupita umri wa kuzaa walikuwa wakichimba mizizi kwa saa nyingi kuliko wanawake vijana, na kwamba mama alipokuwa akinyonyesha mtoto mchanga, kunenepa au kukonda kwa mtoto mkubwa kulitegemea juhudi za bibi yake. Kutokana na kazi hiyo ilijengwa hoja kwamba huenda binadamu huishi miaka mingi baada ya hedhi kukoma kwa sababu mabibi waliwawezesha wajukuu kuishi. Wataalamu bado wanabishana juu ya hoja hiyo, lakini vipimo vyenyewe vinaonyesha jambo ambalo kila aliyelelewa na bibi analijua, kwamba jasho la mwanamke mzee limo katika mwili wa mjukuu wake.

Katika historia yetu ya karibu zaidi, wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata ni mabibi wa mkoa huo waliobaki na yatima mikononi wakati wanao wakizikwa. Wilayani Muleba, shirika liitwalo Kwa Wazee lilianza mwaka 2003 kwa kuwapa mabibi hao pensheni ndogo, kwa kutambua kwamba anayetaka kumsaidia yatima hana budi kumsaidia kwanza yule anayemlea. Naomba ulikumbuke hilo, kwa sababu nitalihitaji nitakapofika kwa watoto wako.

Sasa nije kwenye swali lako la kiasi. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti wa Melbourne, Australia, uliofanywa kwa wanawake 186 wenye umri wa miaka 57 hadi 68. Wale waliokaa na wajukuu siku moja kwa wiki walifanya vizuri zaidi katika vipimo vya kumbukumbu na wepesi wa akili, lakini waliokaa nao siku tano au zaidi walifanya vibaya zaidi katika baadhi ya vipimo hivyo. Utafiti mwingine, wa Berlin, uliochapishwa mwaka 2017 na uliohusisha zaidi ya watu 500 wenye miaka 70 na kuendelea, ulionyesha kwamba wazee waliowaangalia wajukuu mara kwa mara waliishi muda mrefu kuliko wasiowaangalia kabisa. Wazee walio walezi wakuu wa wajukuu hawakuingizwa katika hesabu hiyo ya Berlin. Wewe uko katika kundi hilo lililoachwa nje, kwa kuwa unalea siku saba, mchana na usiku. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba wajukuu ni dawa ya uzee, mwambie ni kweli, ila kila dawa ina kipimo chake, na wewe muuguzi unalijua hilo kuliko mimi.

Utafiti huo wa Berlin ulikuwa na sehemu nyingine ambayo haisemwi sana, nami naiona ya thamani zaidi kwako. Kati ya wazee wasiokuwa na watoto, wale waliowasaidia marafiki na majirani nusu yao walikuwa bado hai miaka saba baada ya kuhojiwa, ilhali wasiomsaidia mtu nusu yao walikuwa wamefariki ndani ya miaka minne hivi. Matokeo kutoka Marekani yanaelekea huko huko. Uchambuzi wa mwaka 1999 juu ya watu wenye miaka 65 na zaidi ulionyesha nafuu kubwa zaidi kwa waliojitolea chini ya saa 40 kwa mwaka, au katika kikundi kimoja tu. Chambuzi za baadaye, ukiwamo mmoja wa mwaka 2020 uliohusu karibu watu 13,000, zimekiweka kiwango kwenye saa 100 kwa mwaka. Saa 100 kwa mwaka ni saa mbili kwa wiki. Kuna pia utafiti wa mwaka 2018 ambao ni kana kwamba ulikufikiria wewe: watu waliofiwa na wenzi wao, wakaanza kujitolea kwa saa mbili au zaidi kwa wiki, upweke wao ulishuka ukafikia kiwango cha watu ambao bado wana wenzi wao.

Ni haki yako kujua pia mipaka ya hesabu hizi. Mtu mwenye afya ndiye anayeweza kutoka nyumbani akahudumie wengine, kwa hiyo sehemu ya tofauti hiyo hutokana na afya aliyokuwa nayo tangu mwanzo, ingawa watafiti hujitahidi kulirekebisha hilo. Vilevile mzee wa Berlin hachoti maji wala hatembei kwenye tope la masika kwenda kumwona mgonjwa. Mimi nachukua mambo mawili tu kutoka katika tafiti hizo, kwa sababu yanalingana na niliyoyaona kwa macho yangu mitaani: kwamba kiasi kidogo cha huduma kinatosha kuleta nafuu, na kwamba kuongeza saa hakuongezi nafuu kwa kiwango hicho hicho.

Lakini kwa nini kuhudumia watu wengine, wakati nyumbani wapo wa kuhudumiwa? Hapa nasema ninaloliamini baada ya miaka ya kukaa na wazee. Mjukuu anakupenda na anakuhitaji, lakini hakukuchagua, alizaliwa akakukuta. Mtu wa nje anapokuhitaji, anakuambia jambo ambalo familia haiwezi kukuambia, kwamba ujuzi wako bado una kazi duniani na kwamba wewe ni mtu mbali na kuwa bibi wa fulani. Ulikuwa muuguzi kwa miaka mingi sana. Siku moja ukaitwa mstaafu, na karibu na siku hiyo hiyo ukaitwa mjane. Yote mawili ni majina ya kuondokewa. Naona si busara watoto wako wakuombe uache na hilo la tatu, la kuwa mtu wa mtaa wako, kwa nia njema ya kukupumzisha.

Nia nayo ina uzito wake. Mwaka 2012 watafiti walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu wa jimbo la Wisconsin, Marekani, waliomaliza shule ya sekondari mwaka 1957. Waliojitolea kwa ajili ya watu wengine walikuwa na vifo vichache katika miaka minne iliyofuata, ilhali waliojitolea kwa ajili ya manufaa yao wenyewe, kama vile kukimbia matatizo ya nyumbani, hawakuwa na tofauti na wasiojitolea kabisa. Ndiyo maana nimelishika lile neno lako kwamba moyo wako uko kwa wazee walio kitandani. Hukusema hivyo kuhusu ukatibu wala kuhusu hazina.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba kazi yako iwe kuwatembelea hao wazee, na nashauri uifanye kwa mpango. Chagua siku moja, tuseme Jumamosi alasiri, kwa saa mbili. Anza na nyumba tatu au nne zilizo karibu, usizidishe, na usiende peke yako. Tafuta mwenzako mmoja wa kikundi chenu, ili siku mjukuu akiugua kazi isisimame na ili pasiwe na maneno kitu kikipotea ndani ya nyumba ya mgonjwa. Mjulishe mwenyekiti wa mtaa, na umtafute afisa ustawi wa jamii pamoja na mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa eneo lenu, kwa sababu mengi utakayoyakuta hayatatatuliwa kwa kutembelea tu. Utamkuta mzee ambaye ana haki ya matibabu bila malipo lakini hajawahi kupata kitambulisho chake, au anayelipa hospitalini kwa sababu hakuna aliyemwonyesha dirisha la wazee. Kumfuatilia mzee mmoja mpaka apate kitambulisho hicho kuna faida kuliko kumpelekea sukari na sabuni mwaka mzima.

Uuguzi wako utumie kwa kufundisha. Mgonjwa wa kiharusi anayelala upande mmoja tangu asubuhi mpaka jioni atapata vidonda vya mgandamizo, na nyumbani mara nyingi hakuna anayejua kwamba anapaswa kugeuzwa kila baada ya saa mbili, wala jinsi ya kumgeuza bila mhudumu kuumia mgongo. Ukimfundisha mkwe au mjukuu mkubwa wa nyumba hiyo, utakuwa umeacha muuguzi mdogo pale. Ukimgeuza wewe na kuondoka, atakungoja mpaka Jumamosi ijayo. Jambo la kutahadhari ni sindano, dripu na dawa. Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 inamtaka anayetoa huduma hizo awe na usajili na leseni hai ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, na jambo likiharibika ndani ya nyumba ya mtu, kule kusema kwamba ulijitolea hakutakukinga. Huduma hizo ziache kwa kituo cha afya, hata pale mwenye mgonjwa anapokusihi.

Sehemu kubwa ya huduma kwa mzee wa kitandani ni kusikilizwa, na usidhani kwamba hiyo ni kazi ndogo. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda, nchini Zimbabwe, alianza na mabibi 14 katika kitongoji cha Mbare, jijini Harare. Aliwafundisha kukaa na wagonjwa wenye sonona na wasiwasi kwenye benchi la mbao nje ya kliniki, kuwasikiliza na kuwasaidia kulichambua tatizo moja baada ya jingine mpaka wapate hatua ya kuchukua. Mpango huo ulipopimwa kwa wagonjwa 573, na matokeo kuchapishwa mwaka 2016, waliokaa na wahudumu hao walikuwa na nafuu kubwa baada ya miezi sita kuliko waliopata huduma ya kawaida. Baadaye mpango ulifika hata Zanzibar. Hawakuwa wataalamu wa tiba ya akili. Walikuwa wanawake waliozika, waliolea na waliokwishajua kunyamaza mtu anapolia. Wewe unayo hayo yote, na juu yake una taaluma.

Kuhusu baraza la wazee, kubali kuwa mjumbe na ukatae ukatibu kwa sasa. Baraza ni mahali pa haki. Ndipo sauti ya wazee inapopanda kutoka mtaani kwenda kwenye kata na halmashauri, na wanawake ni vizuri wawemo humo na waseme. Lakini katibu ndiye anayeandika mihtasari, anayeitisha vikao na anayetumwa ofisini, na hizo ni saa ambazo wajukuu wadogo hawataziacha salama.

Kuhusu hazina ya kikundi, nakushauri ukatae kabisa. Najua umeombwa kwa sababu unaaminika, na ni heshima kubwa kwa jamii yetu kumkabidhi mtu fedha za misiba. Hata hivyo fedha za kikundi hazina saa. Msiba hutokea usiku, na mweka hazina ndiye wa kwanza kugongewa. Mwanachama asiyelipa ada kwa wakati huwa jirani yako, na ukimkumbusha anakununia. Na fedha zikipungua hata shilingi elfu tano, jina lililojengwa kwa miaka yote ya utumishi huanza kutajwa vibaya kisimani na sokoni. Kikundi chenye utaratibu mzuri, chenye akaunti ya benki na watia saini watatu, au sanduku lenye kufuli tatu kama wafanyavyo wenzetu wa VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa, hakimtegemei mtu mmoja mwaminifu. Unaweza kuwaambia hivi: "Nawashukuru kwa kuniamini, na michango yangu nitaitoa kama kawaida, lakini nina watoto wadogo nyumbani na sitaki fedha za wenzangu zicheleweshwe kwa sababu yangu. Naomba tumpe kijana, nami nitakuwa mmoja wa watia saini." Hapo umekataa bila kumwaibisha mtu, na umeacha msaada.

Wanaogonga usiku nao wapewe utaratibu. Tangaza kwamba kila Jumatano jioni, kwa muda wa saa moja, utapima presha hapo kibarazani kwako, uwe na daftari, na kila mmoja aondoke na kikaratasi chenye vipimo vyake vya kumwonyesha daktari. Waeleze wazi kwamba mtu mwenye maumivu ya kifua, mdomo uliopinda, mkono uliolegea au kichwa kinachouma ghafla kuliko kawaida, asipoteze muda kuja kwako kupimwa, bali apelekwe hospitali moja kwa moja. Saa hiyo moja ya Jumatano ukiijumlisha na mbili za Jumamosi, unapata saa tatu kwa wiki. Kwa mlezi wa watoto wawili zinatosha kabisa.

Na hapo uweke mpaka wa fedha pia. Wewe una pensheni, hata kama ni ndogo, lakini wengi wa wazee utakaowatembelea walikuwa wakulima na wafanyabiashara wadogo na hawana chochote kinachoingia mwisho wa mwezi. Zanzibar imekuwa ikilipa Pensheni Jamii kwa kila mwenye miaka 70 na zaidi tangu Aprili 2016, ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi. Tanzania Bara hatuna mpango kama huo kwa wazee wote, na kwa maoni yangu hilo ni deni ambalo taifa linadaiwa na watu waliolijenga. Lakini deni hilo huwezi kulilipa kwa pensheni yako. Tenga kiasi kidogo cha mwezi, kikiisha kimeisha, na usikope ili kununua dawa za mtu.

Sasa watoto wako. Nakuomba uitishe kikao cha familia, ana kwa ana wakija sikukuu, au kwa simu wakiwa wote kwa pamoja, na usikubali mambo haya yazungumzwe na mtoto mmoja mmoja pembeni. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inaitambua familia kuwa ndiyo msingi wa matunzo ya mzee, na katika nyumba yenu wewe ndiye mzee, ingawa hesabu zimegeuka na wewe ndiye unayetunza. Anza kwa kuwatoa hofu. Mara nyingi mtoto anaposema "mama pumzika" kuna mengine chini ya neno hilo: anaogopa utaanguka na yeye yuko mbali, anaogopa watu watasema wamekutelekeza, na huenda anaona aibu kwamba amekuachia mzigo. Waambie kwamba umezisikia hofu hizo, kisha uwaeleze kwamba mapumziko unayoyahitaji wao ndio wanaoweza kuyatoa.

Binti yako, mama wa wajukuu hao, ndiye wa kwanza. Najua maisha ya Dar kwa mwanamke anayefanya kazi akiwa na watoto wadogo, na huenda kukuletea watoto ndiyo ilikuwa njia pekee. Pamoja na hayo, matumizi ya watoto yafike kwa tarehe inayojulikana, ukiacha yale ya dharura, ili usiwe unaomba. Kama uwezo upo, alipe msaidizi wa nyumbani wa kufua na kuchota maji, au watoto wote wachangie gharama hiyo. Apige simu kila jioni kuzungumza na watoto wake na kuwauliza ya shule, kwa kuwa hata malezi ya mbali ni malezi. Na muulizane bila ugomvi: watoto hawa watakaa kwa bibi mpaka lini? Mtoto wa miaka 5 atakapofika miaka 12 wewe utakuwa umekaribia miaka 70. Panga mwaka wa kulitazama upya jambo hili, na mwaka huo ujulikane kwa wote. Wale wa Muleba walijua kwamba kumsaidia mtoto ni kumsaidia bibi yake. Hilo watoto wako wakilielewa, nusu ya matatizo yako itakuwa imepungua.

Kwa wajukuu wenyewe, sioni kwamba unawanyima. Saa mbili za Jumamosi wanaweza kukaa na jirani au na msaidizi, na yule wa miaka 8 unaweza kumchukua siku mojamoja, abebe kikapu, amsalimie mzee, amsomee ukurasa wa kitabu chake cha darasani. Wazee hupenda sana kusomewa na mtoto anayejifunza kusoma, kwa sababu hawana haraka. Usimpeleke palipo na kidonda kibaya au mtu aliye mahututi, na asipotaka kwenda usimlazimishe. Kinachoweza kuwanyima wajukuu ni bibi aliyechoka mpaka akawa mkali, kwa hiyo jiangalie mwenyewe. Ukiona unakosa usingizi kwa kuwaza nyumba za watu, unawakaripia watoto kwa mambo madogo, au unasahau dawa zako na tarehe zako za kliniki huku ukizikumbuka za wengine, punguza saa hizo kwa nusu mwezi huo huo bila kumwomba mtu radhi. Na presha yako wewe ni nani anaipima? Hiyo Jumatano, anza na mkono wako.

Limebaki suala la kuhamia Dar. Mwanao anakupenda, na siku itafika ambapo kuishi naye litakuwa jambo la lazima, lakini sidhani kama siku hiyo imefika. Nimewaona wazee waliohamishwa kutoka miji midogo kwenda kukaa katika nyumba nzuri yenye geti, ambamo vijana huondoka gizani kuwahi foleni na kurudi gizani, na mzee hukaa mchana kutwa na televisheni na mlinzi asiyemjua. Korogwe una kaburi la mwenzako, una majirani wanaokufahamu kwa jina, na una kazi. Nenda Dar likizo ya Juni na ya Desemba pamoja na wajukuu, wakae na mama yao, nawe upumzike kwelikweli huko kwa mwanao. Ukiwa huko tazama jinsi unavyolala, unavyokula, na nani unazungumza naye mchana. Baada ya likizo kadhaa za namna hiyo utakuwa na la kumwambia mwanao lililo thabiti kuliko hofu yake na hofu yako. Kwa sasa nyumba ya Korogwe isiuzwe, hati yake ihifadhiwe mahali ambapo angalau wawili kati ya watoto wako wanapajua, na kama suala la mirathi ya marehemu halijakamilishwa mahakamani, lishughulikie kabla hujapanga jambo lolote la kuhama.